Fundi Aliyechukua Ufunguo

Nilimchukia mtu mmoja kwa miaka mingi, na miaka hiyo hiyo nilikuwa nawaelekeza watu kwake. Mgeni akija anasukuma pikipiki, jasho linamchuruzika mpaka kwenye kope, akiniuliza fundi yuko wapi, nilimwambia: nenda Dzamandzar, pita kiwanda cha sukari, pita msikiti, utaona kibanda cha mabati na pikipiki zimelala nje kama mbuzi wagonjwa. Hapo. Kisha niligeuza uso nikaendelea na shughuli zangu. Nosy Be nzima haikuwa na mwingine wa kukueleza kwa nini betri yako inakufa kila wiki. Chuki ilikuwa yangu mimi. Haikumpunguzia yeye ufundi.

Nitamwita Fundi, kama alivyoitwa na wote. Kwetu Wakomoro mwalimu wa Kurani naye huitwa fundi, kwa hiyo neno lenyewe hatumtupii kila anayeshika spana. Yeye alipewa. Alizaliwa wapi, mama yake nani, sijui na sikuuliza. Alikuja kisiwani miaka ya sabini ikiishia, wakati ule Wakomoro wengi walipokuwa wanaukimbia mji wa Mahajanga baada ya mauaji, na alikuja na sanduku la bati la vifaa na nguo alizovaa. Mtu wa namna hiyo humuulizi habari za nyuma. Ukimuuliza, anakutazama tu mpaka wewe mwenyewe unaona haya.

Swali langu kwake lilikuwa moja. Nilitaka kujua kama ni yeye aliyemuua binti yangu Mariamu. Silizungushi hapa kwa sababu nilipomfikia sikulizungusha kwake pia.

Lakini tuanze na kazi, maana bila kazi yake hakukuwa na mtu pale.

Zile pikipiki za zamani za Kijapani zilikuwa na betri ndogo ya volti sita, ndogo kama kibweta cha uzi. Injini ikizunguka inatengeneza umeme. Umeme unapita kwenye kipande kidogo chenye mapezi, mfano wa samaki, kinachougeuza uwe chakula cha betri. Na betri nayo ndiyo inayotoa cheche ya kuendesha injini. Kila mmoja anamlisha mwenzake. Njia ikikatika mahali popote, unaendelea kwenda kwa kilichobaki ndani ya betri, na kikiisha unasimama, na mara nyingi unasimama mlimani. Haya sikuyasoma. Shule nilifika darasa la pili, mwalimu akanipiga, nikampiga, ikaisha. Nilijifunza kwa kukaa kwenye kreti la soda mlangoni kwa Fundi, leso yangu ya shiromani nimeifunga kiunoni, nasubiri pikipiki ya marehemu mume wangu. Alipofariki, mkwe wangu, mume wa Mariamu, aliirithi pamoja na magonjwa yake, na mimi nikaendelea kukaa kwenye kreti.

Wanaume walikuja na betri mpya mikononi kama waliobeba keki ya harusi.

"Fundi, nimenunua mpya nayo imekufa."

"Ile ya kwanza uliiua wewe?"

"Ilikufa yenyewe."

"Na hii?"

"Yenyewe."

"Basi una nuksi na betri, nenda kwa mganga. Au kaa chini tumtafute anayezinyima chakula."

Ndiyo ilikuwa imani yake. Alisema betri ni mtoto anayelia, na mtoto anayelia hapigwi, anatafutwa aliyemnyima kula. Neno hilo alilisema mara nyingi mno mpaka watoto wa mtaani walilisema wakicheza. Jingine alilopenda: umeme hauna hasira, mwenye hasira ni wewe. Hilo aliniambia mimi, na nilikaribia kumrushia kreti.

Alikuwa na mpango wake wa kutafuta ugonjwa, na mpango ule haukubadilika kwa mvua wala kwa jua, kwa tajiri wala kwa mchuuzi wa samaki. Kwanza aliuliza: "Mara ya mwisho nani aliigusa?" Hakuendelea mpaka ajibiwe. Pili, vichwa vya betri, kwa sababu hewa ya pwani yetu inaota chumvi nyeupe juu ya kila chuma. Tatu, fyuzi. Kisha alitoa kitaa chake, balbu ndogo ya indiketa iliyounganishwa nyaya mbili, akakiita Shahidi. Alimgusisha Shahidi kwenye nyaya zinazotoka kwenye injini, mbili mbili, injini ikinguruma. Shahidi akiwaka, injini haina kosa. Akahamia kwenye kile kipande cha mapezi. Akahamia kwenye nyaya za kwenda kwenye betri. Mwisho kabisa, baada ya yote, ndipo alipofika kwenye boliti zinazoshika vitu kwenye mwili wa pikipiki, kwa sababu umeme ukitoka lazima upate njia ya kurudi kwao, na njia hiyo ni chuma cha mwili wenyewe.

"Umeme ni msafiri," aliniambia siku moja, amechuchumaa, bila kuniangalia. "Asipokuwa na njia ya kurudi, hata kutoka hatoki."

Nikamjibu kwamba wapo wasafiri waliotoka bila njia ya kurudi, na yeye ni mmojawapo. Akacheka kidogo puani. Siku hizo tulikuwa bado tunataniana.

Kuruka hatua kwake kulikuwa dhambi. Alikuwako dereva mmoja wa lori la miwa, mtu wa maneno mengi, alikuja akasema, "Fundi, usihangaike, ni waya wa nyuma ya taa, mimi naujua." Fundi akaanza kwenye swali la kwanza. Akaenda hatua kwa hatua, dereva anahema, anatembea huku na huku, anapiga mateke mawe. Ilipofika zamu ya waya wa nyuma ya taa, kweli ulikuwa umekatika.

"Si nilikwambia?" akasema dereva.

"Ulikisia ukapatia. Hata mcheza kamari hupatia."

"Lakini nimepoteza asubuhi nzima."

"Kamari ungepoteza zaidi."

Tulimcheka sana yule dereva. Leo nikikumbuka sicheki.

Mtu mwenyewe alikuwa na mambo yanayogombana ndani yake. Hakupanda pikipiki. Sisemi hakupenda, nasema hakupanda kabisa. Alitembea kwa miguu, hata kwenda mjini Andoany alipanda gari la abiria na kushika kiti kwa mikono miwili. Vijana walimwuliza, "Fundi, daktari gani anaogopa mgonjwa wake?" Akawajibu, "Anayeujua ugonjwa." Nguzo za umeme zilipofika kichochoroni kwake alikataa kuvutiwa waya, akabaki na koroboi, eti umeme wa watu wengine hujui ulikotoka. Alitukana kwa Kifaransa, alifanya biashara kwa Kimalagasi, alisali kwa Kiarabu, na ugomvi wa kweli kweli aliutunza kwa Kikomoro. Ukimsikia ameingia Kikomoro, ondoka.

Alikuwa mkarimu kwa namna ya kuchukiza. Kila mwanamke aliyesubiri pale alipewa ranovola, yale maji ya ukoko wa wali, kwenye kikombe alichokipangusa kwa shati lake, na shati hilo ndilo lililokuwa chafu kuliko kikombe. Ukikataa alinuna. Ukinywa, meno yanachukua ladha ya grisi mpaka magharibi.

Na hakujua kufariji. Mzee mmoja alimletea pikipiki aliyoachiwa na kaka yake, akamwuliza kama itapona. Fundi akaizunguka mara moja akasema haitapona. Mzee akalia palepale. Mke wa imamu alikuwepo, akamwambia, "Fundi, si ungesema utajaribu?" Akamjibu, "Nikisema nitajaribu atarudi kesho kulia tena." Mimi nilimwona ana haki. Mimi pia sijui kufariji. Labda ndiyo maana tulivumiliana kabla ya msiba.

Sasa niseme habari ya rangi.

Kwetu, Idi ikikaribia, kila kitu hupakwa. Ukuta, mlango, kaburi la baba, baiskeli, na kwa wenye pikipiki, pikipiki. Zama hizo rangi ilikuwa haipatikani madukani, hakuna kilichokuwa kinapatikana, kwa hiyo watu walichukua rangi ya mashua kutoka kwa mafundi wa pwani, nzito kama uji, ikikauka imekauka. Walipaka mwili mzima wa pikipiki, wakapaka boliti, wakapaka na kile kipande cha mapezi ili kipendeze. Wapo waliofungua kitu, wakapaka chini yake, wakafunga tena. Idi nzima wanazunguka wanang'aa. Baada ya Idi, kibanda cha Fundi kinajaa. Ile rangi imeziba njia ya umeme kurudi. Betri inalia, hailishwi, inakufa. Kila mwaka. Fundi alisema kwa Waislamu wa Nosy Be Ramadhani ya betri huanza siku Ramadhani ya watu inapoisha.

Na ukiwauliza nani aliigusa, wanakwambia hakuna. Hawaongopi. Kwao kuipaka rangi kwa ajili ya Idi si kuigusa. Ni kuivisha.

Mariamu alishikwa na uchungu asubuhi ya siku ya pili ya Idi. Tuliishi juu ya Dzamandzar, katikati ya mashamba ya mlangilangi, ambako wanawake huchuma maua alfajiri yakapelekwe kwenye mitungi ya kuchemshia mafuta. Mimi nimezalisha wanawake wengi wa pale kwa mikono hii. Nilimpapasa mwanangu nikajua mtoto amekaa vibaya. Nilimwita bibi mmoja mzee kuliko mimi, akapapasa, akanawa mikono. Nikamwambia mkwe wangu, washa. Tunakwenda hospitali Andoany.

Gari la shamba lilikuwa limetoka. Tulikaa watatu juu ya pikipiki, mkwe mbele, Mariamu katikati, mimi nyuma nimemkumbatia na miguu yangu inaning'inia. Ilikuwa ya kijani kibichi, rangi mpya, inanata kwenye mapaja. Tulipokaribia Dzamandzar ikaanza kukohoa, ikapiga mara mbili, ikanyamaza. Tukamshusha Mariamu. Mkwe akasukuma, mimi nikamshika mwanangu, tukatembea hivyo, akisimama kila uchungu unapomjia na kushika ukuta wa watu. Tukafika kwa Fundi.

Alikuwa na kanzu yake ya Idi, nyeupe, imepigwa pasi. Alipomwona Mariamu alimtandikia mkeka kivulini, akamgeukia mkwe wangu.

"Mara ya mwisho nani aliigusa?"

"Hakuna, Fundi."

"Hakuna?"

"Wallahi hakuna mtu aliyeigusa."

Mkwe akakimbia kutafuta gari. Siku ya pili ya Idi, teksi zote zilikuwa zimebeba watu kwenda ufukweni, na lori la miwa lilikuwa mashambani. Alirudi mikono mitupu, akatoka tena mbio upande mwingine.

Fundi alikuwa na betri moja iliyobaki na uhai, akaifunga, injini ikawaka. Nikamwinua Mariamu.

"Asante, Fundi. Tunakwenda."

"Hamwendi."

"Inaunguruma, huisikii?"

"Inakula betri hii kama ilivyokula ile. Hailishwi. Itawafikisha mlimani, pale pasipo na nyumba, izime. Utazalisha juu ya mawe."

"Mungu atatufikisha."

"Mungu amekufikisha hapa."

Mkwe wangu akawa amerejea, akarukia kiti. Fundi akanyoosha mkono, akazima, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa kanzu. Kisha akapiga magoti kwenye grisi, na kanzu ile ya Idi, akaanza na vichwa vya betri.

Nilimpiga. Nataka hili lijulikane. Nilivua kiatu nikampiga mgongoni, nikampiga tena shingoni, na hakugeuka. Aliniambia kwa Kikomoro, sauti ya chini, "Mama Mariamu, nipige lakini usinitingishe mkono." Vichwa vya betri. Fyuzi. Akatoa Shahidi. Akawasha injini kwa ufunguo akiushika mwenyewe, akamgusisha Shahidi kwenye nyaya, mbili mbili. Mariamu alikuwa ameuma ncha ya shiromani yangu na sauti inamtoka kama ya mtu anayebeba jiwe. Nilisali. Nilitukana. Vyote viwili kwa pumzi moja. Shahidi aliwaka, injini haina kosa. Akahamia kwenye mapezi. Akahamia kwenye nyaya. Shahidi hakuwaka. Akarudi akafuata waya kwa kidole, taratibu, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi ya kaburini. Mwisho akachukua kipande cha waya mtupu, upande mmoja akaugusisha kwenye kile kipande cha mapezi, upande wa pili kwenye chuma cha injini. Akamrudisha Shahidi pale alipokataa, naye akawaka mpaka akaumiza macho.

"Rangi," akasema.

Akafungua boliti, akakwangua kijani kwa kisu mpaka chuma kikatoa mng'aro, chini yake na juu yake, akakaza. Akampa mkwe wangu ufunguo.  Mkwe aliangalia yale maganda ya kijani chini na midomo yake ikawa myeupe.

Pikipiki ilipanda mlima bila kukohoa. Tulifika. Mtoto alitoka hai, msichana, analia kwa hasira, nikamwita Mwanaidi. Mama yake alitoka damu isiyotaka kukoma, na kabla ya magharibi hakuwepo. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, alinishika bega akasema, "Mngefika mapema kidogo." Alisema kwa huruma. Maneno yale nimelala nayo kitanda kimoja tangu siku hiyo.

Fundi alikuja mazikoni. Alishika jeneza na hakumwachia mtu zamu yake. Baadaye walipopeleka masinia ya wali, alikaa safu ya mwisho, na mimi nikatuma mtu aondoe sinia mbele yake. Aliinuka akaondoka, na wote waliona. Hakuna aliyenikemea. Ni msiba wangu.

Tukaishi hivyo, mji ule ule. Nikimwona upande huu wa barabara, navuka. Aliweka mkono kifuani kunisalimia kila mara, hata aliponiona navuka. Mkwe wangu alioa kwingine na kuhama, sikumlaumu hadharani kwa sababu ni baba wa mjukuu wangu, na mtu lazima achague atamlaumu nani. Mimi nilichagua. Mwanaidi alipoanza kuuliza mama yake yuko wapi, nilimwambia: kuna fundi alichukua ufunguo. Alikua na sentensi hiyo kama wengine wanavyokua na hirizi shingoni.

Fundi aliondoka kisiwani siku moja bila kuaga, akavuka bahari mpaka Ankify na sanduku lake la bati. Walisema amerudi Mahajanga. Nilifurahi, kisha nikakuta sifurahi. Mtu uliyemchukia akiondoka anakuachia kazi yote peke yako.

Mjukuu wangu naye ni mwingine. Sijisifu, nasema alivyo. Anakaa Mahajanga, ananunua samaki na kamba kutoka kwa wavuvi wa Antsanitia, anawabeba kwenye barafu, kreti nyuma ya pikipiki, barabara ya vumbi jekundu, na hakuna mwanaume wa soko lile anayethubutu kumwambia bei ya uongo. Pikipiki yake ni ya zamani, ya volti sita, umri wake karibu sawa na wa mwenyewe. Nikimwambia anunue mpya ananijibu, "Koko, hizo mpya zikifa hazikwambii kwa nini." Koko ndiyo bibi, kwetu. Nilikwenda kukaa kwake nilipoanza kuumwa magoti.

Asubuhi moja betri yake ilikufa sokoni, na barafu inayeyuka. Wakamwambia yuko fundi mmoja mzee, mtaa wa Mahabibo. Nikasema nakuja. Sikusema kwa nini. Tulipofika nilimwona kwanza mgongo. Amechuchumaa vile vile, ametanguliza goti moja. Mgongo huo niliupiga kwa kiatu, ningeujua kokote.

Alikuwa amezeeka vibaya. Mikono inatetemeka mpaka anamshika Shahidi kwa vidole vyote. Mwanaidi alimsalimia, akamweleza ugonjwa kwa ufupi kama mtu wa kazi. Mimi nikasogea mbele.

"Unanijua?"

Aliinua kichwa. 

"Mama Mariamu."

Miaka mingi hakuna aliyekuwa ananiita hivyo. Wote wananiita Koko. 

"Nimekuja na swali."

"Najua. Nilidhani utakuja mapema zaidi."

"Ile pikipiki ilikuwa ya kijani. Ilikuwa Idi. Kila Idi walikuletea wale wale na kosa lile lile. Kwa nini ulitushikilia ukaanza na vichwa vya betri?"

Mwanaidi aliweka kofia yake ya pikipiki chini. "Koko," akasema, "ni huyu?"

"Ni huyu."

Fundi akamtazama. Akaangalia mikono yake, kisha uso. "Na huyu ndiye yule mtoto."

"Ndiye."

 Mtu mmoja alipita na mkokoteni wa abiria, akapunguza mwendo kututazama, akaona nyuso zetu akaongeza. Nilidhani Mwanaidi atamtukana. Nilimlea kwa ajili ya saa hiyo, nikisema kweli. Ulimi wake nilimpa mimi.

Akachuchumaa mbele ya yule mzee.

"Ile betri uliyowafungia ilikuwa na nguvu kiasi gani?"

"Nusu," akasema Fundi. "Pengine chini ya nusu."

"Ya volti sita?"

"Sita."

"Juu yake watu watatu."

"Watatu."

"Na mlima ule wa baada ya miwa."

"Ule ule."

Mwanaidi anaujua mlima ule. Kila likizo ameupanda. Macho yake yalikwenda kama ya mtu anayepanga mzigo. Kisha akanigeukia.

"Isingefika, Koko."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Lakini isingefika. Ingezima kabla ya kona ya juu, na mimi nisingekuwepo hapa kukujibu."

Nilitaka kumzaba kibao. Mkono ulikuwa umekwisha kuinuka. Yeye ndiye aliyepoteza mama, na anampa haki mtu huyu mbele yangu, kwa hesabu za barabara. Nikamtazama Fundi nione kama atatabasamu, kama atasema alhamdulillahi, kama atashika mlango huo aliofunguliwa na kupita. Angefanya hivyo, nakwambia, ningemrudia na kiatu, hata kwa uzee wetu sote wawili.

Aliweka Shahidi chini.

"Ufunguo ningeuchukua tena," akasema. "Hata leo. Lakini rangi niliiona. Mlipoingia tu niliiona, nikajua ni rangi ya Idi. Nikauliza nani aliigusa, kijana akaapa hakuna, nami nikajiambia nisikisie, nifuate mpango. Binti alikuwa analia. Niliogopa, Mama Mariamu. Mtu akiogopa hushika alichokizoea. Sikutaka kucheza kamari, na kumbe mpango wenyewe ndio uliokuwa kamari. Ningeanza na rangi. Mngefika mapema."

Alitumia neno lile lile, mapema, na hakuna aliyewahi kumwambia maneno ya muuguzi.

"Mapema kiasi gani?" nikamwuliza.

"Sijui. Hakuna shahidi wa kupima hilo."

Asingelisema hilo la rangi, ningeondoka pale na chuki yangu nzima, na ningeibeba mpaka kaburini bila kuchoka, hata kama Mwanaidi angenichorea mlima ule wote mavumbini. Kusamehe ni neno la msikitini, silijui vizuri. Ninachojua ni kwamba nilivuta kreti lililokuwa mlangoni kwake, nikakaa. Akainuka kwa shida, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha ranovola, akakipangusa kwa shati. Nikakinywa chote.

"Endelea na kazi, Fundi," nikamwambia. "Huyu mtoto ana safari."